Nzi Anasukutua na Nini?

9 Januari

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Na nyingine ya mwaka mpya, maana ile ilichelewa njiani kama mwenyewe ninavyochelewaga.

Mimi ni mzima. Koti ulilonishonea limeanza kunibana tumboni, kwa hiyo ukisikia mtu anasema huku nimekonda, huyo ni mwongo. Nimefurahi mno kwamba mpwa wangu amejifungua salama. Mnong'oneze mtoto sikioni kwamba ana babu huku mwenye miaka thelathini na mitatu, asiye na mvi hata moja. Baba Mdogo naye mpe hongera ya meno ya bandia. Mwambie tu asiyavue mezani mbele ya wageni.

Unasema simu huitaki kwa sababu nikipiga nasema "nipo salama" kisha nakata. Haya, barua haikatiki. Umeshinda.

Sasa umeniuliza jambo ambalo miaka saba yote hukuwahi kuniuliza: huko maabara mnafanya nini hasa, na hao nzi wanaumwa nini? Hawaumwi, Dada. Ni nzi wadogo wa matunda, wale wanaozunguka ndizi iliyopitiliza. Tunachunguza jinsi wanavyoonja. Na nzi huonja kwa miguu! Akitua tu kwenye embe lako, ameshajua kama ni tamu kabla hajainamisha kichwa. Miguuni na mdomoni ana vinywele, kila kinywele kina tundu nchani, na ndani yake kuna neva: hii ya sukari, hii ya chumvi, hii ya uchungu. Tunamgusisha tone la maji ya sukari mguuni, na kama ana njaa anatoa mrija wake wa mdomo, mwaaa, kama mtoto aliyeona kijiko.

Watu wote hapa wanasoma neva. Lakini kuzunguka neva kuna seli nyingine zisizopeleka habari yoyote ya sukari wala chumvi. Moja imejenga kinywele chenyewe. Moja imejenga kikombe ambamo kinywele kimesimama. Moja imeikumbatia neva kama foronya na mto. Zinaitwa seli saidizi. Vitabu vinazitaja mstari mmoja, kisha vinakimbilia neva. Na ajabu yake ni kwamba hizo zote ni ndugu. Seli moja tu ya mwanzo iligawanyika, na watoto wake wakagawana kazi.

Tunaye pia mpishi. Usicheke, nzi wana mpishi. Anakoroga uji wa mahindi, hamira na molasi kwenye sufuria unayoweza kumwogeshea mtoto, anatia dawa ya kuzuia ukungu, anamimina kwenye vichupa elfu mbili. Mtu mcheshi sana. Siku akiugua yeye, maabara nzima inalala njaa.

Mdogo wako,
Pindo


2 Februari

Pindo,

Marahaba, na ya pili marahaba.

Mjukuu wangu analia kama king'ora cha gari la wagonjwa, kwa hiyo salamu zako zimefika na majirani wamezisikia. Baba Mdogo hajazoea meno. Anasema chakula kimehamia mbali, anakiona, anakitafuna, lakini hakifiki. Jana amekula sahani mbili akikitafuta.

Sare za shule zimenifika shingoni. Wasichana wangu wanne wanashona kutwa, na yule tunayemwita Msemaji anashona mdomo wake pia. Jumanne na Alhamisi baada ya chakula cha mchana nawaachia karakana, nina shughuli na Mwalimu mmoja. Usiniulize.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nina swali. Kama hizo seli zimetoka tumbo moja, nani aliamua kwamba huyu awe neva akapate habari za sukari, na yule asimame pale kumshikia kinywele? Aliulizwa akakubali, au alijikuta tu ameshika?

Nauliza tu.

Huyo mpishi nimempenda. Yeye nani anampikia? Ana mke? Wateja nimewaambia mdogo wangu ni daktari wa wadudu. Mmoja ameleta ombi, kama unaweza kuzungumza na nzi wa jikoni kwake wahame kwa hiari.

Dada yako


27 Februari

Dada Mkubwa,

Shikamoo.

Hapa mvua imekatika na chumba changu kimekauka, ile harufu ya soksi imeondoka. Nimempa Profesa, mkuu wa maabara yetu, salamu zako. Ni mama wa makamo mwenye sweta moja la kijivu na vikombe vya chai saba, vyote vimenywewa nusu.

Swali lako nilimuuliza yeye. Alifurahi, akachora kwenye bahasha. Anasema kabla seli mama haijagawanyika, kuna kitu kidogo ndani yake kinachojikusanya upande mmoja. Ikikatika, mtoto mmoja anakirithi, mwingine anakikosa. Aliyekirithi anaelekea upande wa neva. Aliyekikosa anaelekea upande wa kinywele na kikombe. Hakuna aliyeulizwa.

Nilipofika mstari huo nilisimama nikaenda dirishani. Dada, najua ulichokuwa unauliza. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka mitano, nimeshika pindo la gauni lako badala ya lake, na wewe ulikuwa kidato cha tatu. Siku moja nikiwa na miaka kumi niliinua kitambaa cha kabati nikakuta ripoti yako ya shule. Wa kwanza kati ya hamsini na wawili. Nilikirudisha kitambaa. Sijawahi kukwambia.

Basi, nibadilishe hewa. Huku kuna kasheshe. Kuna mtafiti mmoja tunamwita Darubini, kwa sababu jicho lake la kulia lina alama ya duara kutokana na kuchungulia. Ana ukoo wake wa nzi anaowatunza kama mboni ya jicho. Ukiwapa sukari wanatoa mrija vizuri. Ukiwapa uchungu wanaurudisha mrija ndani, vizuri pia. Lakini ukiwapa sukari tena baada ya uchungu, wanakataa. Nzi wa kawaida anangoja kidogo tu anaendelea na maisha. Hawa wananuna nusu saa nzima! Neva zao zimepimwa, hazina kasoro.

Darubini ameamua kosa ni la mpishi. Anasema ametia dawa ya ukungu kupita kiasi, nayo ni chungu, basi nzi wake wamelowa uchungu tangu utotoni. Ameandika kwa uongozi mpishi asimamishwe. Mpishi anaapa kwamba anapima kila kitu kwa mizani. Nani atamsikiliza mtu mwenye mwiko?

Na huyo Mwalimu wa Jumanne na Alhamisi, je, anakunywa chai na sukari? Shemeji lazima nimjue tabia mapema.

Pindo


20 Machi

Pindo,

Marahaba.

Sote wazima. Baba Mdogo ameyazoea meno, sasa anayatumia kufungulia chupa. Nimemkataza.

Ile ripoti ilikuwa ya kufanya kitambaa kisiteleze. Tuendelee.

Mwambie huyo mpishi asiape. Kiapo hakijawahi kumwokoa fundi. Mteja akija na gauni akasema "kitambaa chako kimeruka", yaani kimepungua baada ya kufuliwa, mimi sibishani. Nakata vipande viwili kwenye jora lile lile, kimoja nakiloweka, kingine nakiacha, kisha naviweka mezani mbele yake. Mezani hapabishaniwi. Apike sufuria mbili, moja yenye dawa na moja bila hata chembe. Nzi wa Darubini na nzi wa kawaida wote wakue kwenye sufuria zote mbili. Wakinuna hata kule kusiko na dawa, basi dawa haihusiki, na huyo Darubini apanguse jicho.

Halafu kuna hili. Mimi nikinywa dawa ya malaria, siwezi kunywa chai papo hapo, chai yote inakuwa chungu. Nasukutua kwanza. Sasa huyo nzi, kinywele chake ni bomba lenye tundu nchani, uchungu umeingia ndani. Hana mate humo, hana maji, hana kidole. Nzi anasukutua na nini? Nani anamwoshea hilo bomba? Mwalimu nilimuuliza, akavua miwani akaifuta dakika nzima, kisha akasema muda umekwisha.

Na anakunywa bila sukari. Fanya kazi yako.

Dada yako


25 Aprili

Pindo,

Wiki tano sijasikia neno. Barua zako hazijawahi kupitisha nne.

Mtoto ameanza kucheka. Wasichana wanakusalimu. Mimi nauliza jambo moja tu: mpishi yuko salama? Kama amefukuzwa, mwambie huku kuna dada mwenye nyumba yenye chumba cha nyuma, kitanda kimeshatandikwa, na hatamuuliza kitu.

Dada yako


12 Mei

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Kaa chini kwanza.

Barua yako ya Aprili ilinikuta jikoni na mikono imejaa molasi, nikaifungua kwa meno. Nilipofika pale kwenye kitanda kilichotandikwa, nikazima jiko.

Mpishi ni mimi.

Hakuna daktari, Dada. Mwaka wa pili wa chuo nilianguka kemia, nikarudia, nikaanguka tena, wakaniaga. Siku ile ile nilikuwa na barua yako mfukoni inayosema umepaka rangi karakana ili siku ya mahafali nikija tupige picha mbele yake. Nikaona nitakuandikia wiki ijayo. Wiki ijayo imechukua miaka saba. Hapa maabara walitangaza wanatafuta mtu wa kukoroga. Kukoroga najua, wewe ndiye uliyenifundisha, nikiwa nimesimama juu ya ndoo. Na kazi yenyewe naipenda, hilo nakuapia ingawa umekataza viapo. Asubuhi nikifungua mlango, vichupa vyote vinavuma kwa pamoja kama kwaya inayojaribu sauti.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana ni chako nusu.

Uongozi ulitaka nisimamishwe mwisho wa Machi. Profesa akaniita, "Una la kusema?" Barua yako ilikuwa imefika siku mbili kabla. Nikasema, "Nipe sufuria mbili na wiki nne." Alinitazama juu ya miwani. "Bila dawa chakula kitaota ukungu." "Nitakibadilisha kila siku ya pili." Na ndivyo nilivyofanya, Dada. Ndiyo maana hukupata barua. Nililea nzi tangu yai, koo mbili, sufuria mbili. Nilijifunza kuwabandika mgongo kwenye kioo na kuwagusisha tone. Mikono yangu inanuka hamira hata leo.

Tulikaa mezani tarehe tatu, Profesa, Darubini na mimi. Niliweka karatasi. Nzi wa kawaida walisamehe uchungu upesi, kwenye dawa na pasipo dawa. Nzi wa Darubini walinuna nusu saa, kwenye dawa na pasipo dawa.

Darubini akaisoma mara mbili. Masikio yakawa mekundu. "Basi si chakula," akasema polepole. "Lakini kama si chakula na si neva, ni nini? Hakuna kilichobaki!"

Hapo nikajisikia nasema, "Nzi anasukutua na nini?"

"Unasemaje?"

"Uchungu ukiingia kwenye kinywele, nani anauosha?"

Profesa alikuwa anainua kikombe. Kikabaki hewani. "Rudia hilo," akasema.

Nikarudia, nikaongeza na dawa ya malaria na chai.

"Seli saidizi," Profesa akasema. "Ndizo zinazotengeneza yale majimaji yaliyomo ndani ya kinywele. Sisi tumepima neva mwaka mzima, hakuna aliyegeuza jicho kutazama majirani zake." Kisha akaniuliza, "Umelitoa wapi swali hili?"

"Kwa dada yangu."

"Ni mtaalamu wa nini?"

"Wa mashati ya shule."

Hakucheka, Dada. Alichukua kalamu akaliandika swali lako ukutani, juu ya ubao, mahali pasipofutwa. Darubini ndiye aliyecheka, lakini kwa furaha, huku anakusanya vichupa kwenda kuvitazama upya.

Sijafukuzwa. Ila kama wewe umenifukuza, niambie.

Pindo


3 Juni

Pindo mdogo wangu,

Marahaba, mpishi.

Mjinga wewe. Chuo kiliandika anwani ya nani kwenye fomu zako? Ya kwangu. Barua ya kuanguka kwako kemia ililetwa karakanani mwaka ule ule. Niliisoma nimesimama, nikaikunja, nikamaliza kola niliyokuwa naishona. Miaka saba nimengoja ufungue mdomo. Mara mbili nilitaka kukufungulia mimi, nikaona hapana, mtu mzima humfungulii mdomo kwa bisibisi. Na ulipoanza kuniandikia habari za "mpishi mcheshi sana" nilijua mlango umeachwa wazi kidogo, nikawa namsukumia barua huyo mpishi apite. Daktari gani anajua hamira na molasi kama wewe? Bahasha zako zinanata!

Wateja niliwaambia daktari kwa sababu mama mmoja hapa jirani ana mtoto rubani na hatupumziki. Leo nimemwambia ukweli. Nimesema mdogo wangu anapikia nzi elfu arobaini na amemshinda mtafiti kwa sufuria mbili. Rubani hakutajwa tena mpaka jioni.

Nilikasirika, nisikufiche. Siku ya ile barua, na siku nyingi baadaye. Sikukasirika kwa kemia. Nilikasirika kwamba uliona mimi ni mtu wa picha ya mahafali tu. Hilo limekwisha. Nimeliandika na nimelimaliza.

Sasa na mimi nifungue mdomo wangu, maana naona umeshamnunulia Mwalimu suti ya harusi. Shemeji gani? Huyo mtoto ana miaka ishirini na sita! Anafundisha biolojia, na Jumanne na Alhamisi ana darasa la watu wazima wanaotaka kufanya mtihani wa sekondari. Mimi nimejiandikisha. Nafanya mtihani mwezi wa kumi na moja: lugha, historia, hisabati na biolojia. Tuko wanane: dereva wa lori, wauguzi wasaidizi wawili, akina mama watano. Barua zako za nzi nimekuwa nikizisoma darasani. Mwalimu anasema nikiuliza swali jingine ataomba uhamisho.

Sikukwambia kwa sababu nilisema, nikianguka, asijue mtu. Unaona ulikorithi tabia.

Baba Mdogo anakusalimu. Amepoteza meno ya chini. Tunatafuta.

Dada yako


18 Agosti

Dada Mkubwa,

Shikamoo, mwanafunzi!

Barua yako niliisoma kwenye ngazi za jengo, nikacheka mpaka mlinzi akaja kuniangalia. Kisha nikalia kidogo, naye akanipa karanga. Nashukuru, Dada. Sina maneno mengine, na wewe hupendi mengine.

Meno yamepatikana? Mtoto ameota yake? Maana nyumba hiyo inaweza kubadilishana.

Majibu yametoka. Kuna hadubini kubwa ya elektroni chumba cha chini, inavuma kama friji la bucha. Walikata mguu wa nzi vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Kwa nzi wa kawaida, seli saidizi zimenona, zimejaa mikunjo na zimeizunguka neva yote. Kwa nzi wa Darubini, ile inayokumbatia neva imesinyaa, imeacha nafasi. Neva iko salama kabisa, lakini imekaa kwenye majimaji machafu, na uchungu hauna wa kuutoa. Profesa anasema tusikimbilie kupiga ngoma, ni ukoo mmoja wa nzi, inabidi kurudia na kurudia. Lakini anasema hayo huku anapigapiga meza kwa vidole, na ameshamaliza chai kikombe kizima.

Darubini alikuja jikoni Jumatatu. Akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. "Nilikukosea," akasema. "Nikusaidie kukoroga?" Nikampa mwiko. Akaunguza sufuria nzima. Tumeshapatana, ila mwiko sitampa tena.

Profesa ananifundisha kukata vile vipande. Anasema mtu anayeweza kumimina uji kwenye vichupa elfu mbili bila kudondosha ana mkono unaofaa. Asubuhi napika, mchana nakata. Ile kemia nimeifungua upya pia, ukurasa mmoja kila siku na chai. Safari hii hakuna anayenipigia saa.

Wanaandika ripoti ya kuchapishwa. Mwishoni kuna mahali pa shukrani, na Profesa anataka kukuweka kwa swali lako. Anauliza aandike nini mbele ya jina lako. Nijibu haraka, maana Darubini alipendekeza "Mheshimiwa".

Pindo


10 Septemba

Pindo,

Marahaba.

Aandike "fundi cherehani". Asiongeze kitu.

Meno yalikuwa ndani ya mto wake. Mtoto ana mawili, ameshamng'ata Baba Mdogo nayo.

Hisabati inanitesa. Mwalimu anasema tafuta x. Nimemwambia mimi nikipoteza kitu natafuta mara moja, nisipokipata nanunua kingine. Msemaji amenibandikia fomula zote kwenye cherehani, sasa nashona suruali nikisoma. Moja imetoka na mguu mfupi.

Naogopa, mdogo wangu. Nimekwambia wewe tu.

Dada yako


1 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Ya haraka, posta inafungwa.

Na mimi naogopa kila nikiwasha hadubini ile. Nimegundua mikono hufanya kazi vizuri tu mtu akiwa anaogopa, mradi usiitazame. Itazame karatasi.

Nimeomba likizo ya Machi. Nimepewa. Mwambie yule mama wa rubani ajiandae.

Pindo


16 Januari

Pindo wangu,

Marahaba kwa zote ulizotuma, na kwa zile utakazotuma ukishamaliza kusoma barua hii.

Sote wazima. Mtoto anasimama kwa kushika meza. Baba Mdogo amekuwa mtu wa kutoa mashauri kuhusu meno kwa wazee wenzake. Wasichana wamemaliza sare mapema mwaka huu, kwa kuwa bosi wao alikuwa hayupo karakanani nusu ya wiki, na kumbe bosi ndiye aliyekuwa anachelewesha.

Matokeo yalibandikwa Jumatatu kwenye ukuta wa ofisi ya shule. Nilikwenda peke yangu. Msemaji alitaka kunifuata, nikamfungia ndani na mashati arobaini. Nilivaa gauni la bluu, lile la heshima, nikafika nikakuta watoto wamejazana ukutani kama siafu kwenye mfupa. Wengine wanaruka, wengine wamekaa chini wanalia. Nikasimama nyuma.

Msichana mmoja mwenye miwani akaniona. "Mama, huku mbele watakuumiza," akasema. "Nipe namba ya mtoto wako nikakuangalizie."

Nikampa kikaratasi. Hakuuliza ya nani, na mimi sikusema. Akapenya kwa viwiko. Nilimwona anafuata orodha kwa kidole, anashuka, anashuka, nikageuka nikatazama bomba la maji. Nilihesabu matone. Yalifika kumi na tisa.

Akarudi anakimbia. "Mama! Mtoto wako amefaulu! Historia C, lugha B." Akavuta pumzi. "Hisabati..." akashusha sauti kama mtu aliye msibani, "hisabati tumwache apumzike. Lakini biolojia A! Za A ziko mbili tu ukuta mzima!"

"Biolojia nini?"

"A, mama."

"Rudi ukatazame tena."

Akarudi, Pindo. Mtoto wa watu akarudi kwenye ule msukumano kwa ajili yangu. Akaja anatweta. "A. Namba mia mbili kumi na nne. Yuko wapi mwenyewe tumpongeze?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Nikatazama kushoto na kulia kama mwizi wa kuku, kisha nikasema, "Ni mimi."

"Wewe ndiye nini?"

"Mia mbili kumi na nne."

Alinitazama kuanzia viatu mpaka kilemba. Kisha akageukia wenzake akapiga ukelele ambao nadhani hata wewe huko uliusikia. "JAMANI! Ni mama huyu! Ile A ni ya mama huyu!"

Walionizunguka sijui walitoka wapi. Hata waliokuwa wanalia waliinuka. Mmoja akashika mkono, mmoja akashika mguu, nikasema taratibu nyie, mimi ni bibi, nina mjukuu. Hawakusikia. Kilo zangu themanini na mbili, mdogo wangu, zikapanda juu. Wakanizungusha uwanja mzima wanaimba namba yangu, kiatu kimoja kikabaki mlangoni pa ofisi, na Mwalimu anakimbia nyuma yetu ameshika miwani, anapiga kelele, "Mshusheni! Mshusheni, ana mgongo huyo!"

Sikutaka kushushwa.

Dada yako